Namna ya Kuchagua Meza ya Hoki ya Hewa ya Nyumbani

Meza ya hoki ya hewa ina mambo machache ndani yake kuliko mtu anavyodhani anapoiona dukani ikiwaka taa za rangi. Chini ya ubao wake kuna feni inayosukuma hewa ndani ya sanduku lililofungwa pande zote. Hewa hiyo, kwa kukosa pa kwenda, hupanda kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye uso wa meza, na kisahani cha plastiki kilichowekwa juu yake huinuliwa kidogo mno, kikateleza juu ya hewa badala ya kuburuzika juu ya ubao. Wachezaji wawili husimama kila mmoja upande wake, wakiwa wameshika vipigio vya mkononi, na kila mmoja hujitahidi kukiingiza kisahani katika goli la mwenzake. Wafanyakazi wa kampuni ya Brunswick ya Marekani, ambao mwaka 1969 walianza kazi iliyozaa mchezo huu, walikuwa na shauku ya kuupata uso usio na msuguano, na mpaka leo uzuri wa meza hupimwa kwa jambo hilo hilo. Taa, muziki na ubao wa kuonyesha magoli ni nyongeza. Kwa hiyo fedha ya mnunuzi inapaswa kwenda kwanza kwenye vitu viwili, yaani hewa ya kutosha na uso ulionyooka, na kinachobaki ndicho kigawanywe kwa mengine.

Pima chumba kabla ya kuiangalia meza

Meza hizi kwa kawaida hutajwa kwa urefu wa futi: 4, 5, 6, 7 na 8, sawa na takriban sentimita 122, 152, 183, 213 na 244. Upana wake hukaribia nusu ya urefu au huzidi kidogo. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kupima kama meza itaingia chumbani, bila kupima kama wachezaji nao wataingia. Kila mchezaji anahitaji nafasi ya kurudi nyuma na kukunja kiwiko, hivyo usimwachie chini ya sentimita 90 katika kila mwisho wa meza. Na katika mbavu za meza acha angalau sentimita 60, ili kisahani kikiruka mtu aweze kupita na kukiokota bila kusogeza chochote. Kwa hesabu hiyo meza ya futi 7 inadai sehemu tupu yenye urefu wa mita 3.9 hivi na upana wa mita 2.4 hivi, na meza ya futi 5 inatosheka na urefu wa mita 3.3. Vipimo hivyo vichukuliwe kutoka fanicha moja hadi nyingine, si kutoka ukuta hadi ukuta, na ukumbuke kuhesabu mlango unaofungukia ndani.

Njia ya uhakika zaidi ni kukata maboksi au magazeti ya zamani kwa ukubwa wa meza unayoifikiria, kuyatandaza sakafuni mahali itakapokaa, na kuyaacha hapo kwa siku kadhaa huku watu wa nyumbani wakiendelea na shughuli zao. Kama kila anayepita anayakanyaga, meza hiyo ni kubwa mno kwa nafasi hiyo. Pima vilevile njia ya kuifikisha chumbani: mlango wa mbele, kona ya korido, na mzunguko wa ngazi. Uso wa meza nzuri huwa kipande kimoja kisichokunjwa wala kugawanywa, na boksi lake haliwezi kupunguzwa likikwama kwenye kona. Meza ya futi 4 hubebwa na mtu mmoja au wawili, lakini ya futi 7 au 8 inaweza kuzidi kilo 80, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za michezo ya biashara hupita kilo 150.

Baada ya vipimo hivyo ushauri wangu ni mmoja: nunua meza kubwa kuliko zote ambazo chumba kinaweza kuipokea pamoja na nafasi za wachezaji. Kwenye meza fupi kisahani huvuka kutoka goli hadi goli kabla jicho halijakifuata, mchezo hugeuka kuwa wa kubahatisha, na watoto wanapoanza kukomaa huiacha. Tofauti kati ya futi 5 na futi 6 ni kubwa kwa mchezaji kuliko inavyoonekana kwenye tepu ya kupimia. Anayetaka kujizoeza kwa ajili ya mashindano asijisumbue na chochote kilicho chini ya futi 8, kwa kuwa huo ndio ukubwa wa meza za mashindano yanayofuata kanuni za USAA, chama cha mchezo huu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1978. Katika kanuni hizo mshindi ni wa kwanza kufikisha magoli 7, na mchezaji ana sekunde 7 tu za kukipiga kisahani tangu kinapoingia upande wake; pembe za kugongesha kisahani kwenye kingo ambazo mkono umezizoea kwenye meza ndogo hazifai kwenye meza ya kipimo hicho.

Urefu wa kwenda juu nao usipuuzwe. Meza nyingi za watu wazima husimama kama sentimita 80 kutoka sakafuni. Kipimo rahisi ni kumsimamisha mchezaji mdogo kuliko wote mbele ya meza na kuangalia kiwiko chake: kikiwa juu ya ukingo, ataweza kukiburuza kipigio kikiwa kimelala, kikiwa chini ya ukingo, atalazimika kuinua bega, kipigio kitainuka upande mmoja, na vidole vyake vitakuwa mbele ya kisahani kinachokuja kwa kasi. Kwa watoto wadogo ni afadhali meza fupi yenye miguu mifupi kuliko meza ya watu wazima pamoja na kigoda cha kusimamia, kwa sababu mtoto anayecheza mchezo huu hutembea kushoto na kulia bila kuangalia miguu yake.

Hewa

Hapa ndipo meza mbovu hujificha. Angalia hesabu hii: meza yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.6 ina eneo la mita za mraba 0.72, ilhali meza ya mita 2.4 kwa mita 1.2 ina mita za mraba 2.88. Urefu umeongezeka mara mbili, lakini eneo la kulishwa hewa limeongezeka mara nne, na idadi ya matundu nayo huongezeka kwa kiasi kama hicho. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hurefusha meza na kuacha feni ile ile ya meza ndogo. Meza hiyo huonekana ya kifahari, feni husikika ikinguruma, na bado kisahani hukwama katikati kama kimebandikwa kwa gundi. Kati ya meza ya futi 7 yenye feni hafifu na meza ya futi 5 yenye feni imara, chukua ya futi 5 bila kusita, na ukiacha meza ya watoto wadogo, hii ndiyo hali ya pekee ambapo naona udogo una faida juu ya ukubwa.

Feni za meza hizi ni za aina mbili kuu. Meza ndogo hutumia mota ya volti 12 inayopata umeme kupitia adapta, na nyingine ndogo zaidi hutumia betri. Hizi zinatosha kwa meza za watoto zisizozidi futi 4 au 5. Meza kubwa zinapaswa kuwa na mota inayotumia umeme wa ukutani moja kwa moja, na baadhi huwekewa feni mbili ili hewa ifike miisho yote. Nguvu ya feni hutajwa kwa futi za ujazo za hewa inayosukumwa kwa dakika, kipimo kinachoandikwa kwa herufi CFM. Namba hiyo inasaidia kulinganisha meza mbili za ukubwa mmoja, lakini isikuhadae, kwa kuwa mara nyingi hupimwa feni ikiwa huru, na haielezi ni kiasi gani cha hewa kinachovuja kabla ya kufika kwenye matundu.

Kwa hiyo inama, uangalie chini ya meza. Sanduku la hewa la meza nzuri limefungwa kwa ubao imara uliokazwa kwa skrubu, na viungo vyake vimezibwa. Kwenye meza dhaifu utakuta kadibodi au ubao mwembamba uliopigwa pini, wenye nafasi kwenye pembe. Washa feni, kisha upitishe kiganja polepole kando ya viungo hivyo. Hewa unayoihisi hapo ni hewa iliyoibwa kutoka kwenye mchezo.

Halafu simama na uupime uso wenyewe. Chukua kipande cha karatasi laini ya chooni, chembamba kama upana wa vidole viwili, ukishike kwa ncha moja na ukipitishe juu ya uso wa meza, karibu sana, kuanzia katikati kuelekea pembe zote nne. Ncha iliyo huru inapaswa kupepea kwa namna moja kila mahali. Mara nyingi hupepea vizuri juu ya feni, ikalegea kadiri unavyosogea kwenye pembe na mbele ya magoli, na hapo mbele ya magoli ndipo kisahani kinapotumia muda mwingi. Baada ya karatasi, kiweke kisahani sehemu hizo hizo, ukisukume kwa ncha ya kidole kimoja tu. Kinapaswa kuondoka bila kusita, kufika upande wa pili na kurudi. Kikiondoka kwa kujikwaruza, au kikisimama daima mahali pamoja, umekwisha kuipata kasoro ya meza hiyo. Muuzaji asiyekubali meza iwashwe kabla ya kulipiwa asipewe fedha.

Kabla ya kuachana na habari ya feni, soma kibandiko kwenye mota au kwenye adapta. Kuna nchi ambazo umeme wa nyumbani ni wa volti 110 hadi 127 na nyingine ni wa volti 220 hadi 240, na meza iliyotengenezwa kwa soko moja mara nyingi huuzwa kwenye jingine. Mota ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 itaungua, pengine katika dakika chache za kwanza. Adapta iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 haina tatizo popote. Mota inayochomekwa moja kwa moja haina uhuru huo, na kuinunulia transfoma ni gharama na kelele ya ziada. Angalia pia kama soketi iko karibu na mahali meza itakapokaa, maana waya uliotandazwa sakafuni katika njia ya wachezaji utamwangusha mtu siku moja.

Suala la kelele nalitaja kwa ufupi. Feni ina mngurumo wa kudumu, na kisahani kikigonga ukingo hutoa mlio mkali unaopenya ukuta. Kama chumba kinapakana na cha kulala, isikilize meza ikiwa imewashwa kabla ya kukubali, na usitegemee zulia kulimaliza tatizo.

Uso wa meza

Karibu meza zote za nyumbani hutengenezwa kwa ubao wa MDF, ambao ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, au kwa ubao wa vipande vya mbao vilivyoshindiliwa, kisha juu hupakwa au kubandikwa tabaka gumu la plastiki linalong'aa. MDF ni bora kati ya hizo mbili kwa sababu hutoboka vizuri bila kumeguka kwenye midomo ya matundu. Adui wa zote mbili ni maji. Ubao ukinyonya unyevu huvimba, na kwa kuwa matundu ni midomo iliyo wazi isiyofunikwa na tabaka la plastiki, uvimbe huanzia hapo hapo. Meza iliyowekwa kwenye kibaraza, kwenye gereji inayovuja au kwenye chumba cha chini chenye ukungu haitadumu, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani. Kwa mahali pa namna hiyo afadhali utafute mchezo mwingine.

Unene wa ubao ni jambo ambalo vipeperushi vya matangazo hulikwepa. Ubao mwembamba, ukilala juu ya sanduku la hewa bila mihimili ya kuushikilia, hujipinda kwa uzito wake mwenyewe kadiri muda unavyopita, na meza ikawa na bonde katikati. Uliza unene, na uulize kama kuna mihimili chini ya uso. Kwa meza ya futi 6 na kuendelea mihimili hiyo ni ya lazima.

Mnyooko wa uso hupimwa hivi. Chukua rula ndefu ya alumini, au upau wowote wa chuma ambao una hakika umenyooka, uulaze kwa ubavu wake mwembamba juu ya meza, halafu umulike kwa tochi kutoka nyuma huku macho yako yakiwa usawa wa uso. Palipo na bonde utauona mwanga ukichungulia chini ya chuma; palipo na kilima chuma kitabembea. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe kwa mishazari yote miwili. Mstari mwembamba sana wa mwanga kwenye meza ya kawaida ya nyumbani unaweza kuvumiliwa, lakini nafasi ambayo kadi ya benki inapenya ni kubwa mno, kwa kuwa kisahani kinaelea kwa kimo kidogo kuliko unene wa kadi hiyo.

Pitisha kiganja juu ya matundu. Katika meza iliyotobolewa kwa uangalifu utahisi uso laini kabisa. Katika iliyotobolewa kwa haraka utahisi vijimwiba vya plastiki kuzunguka midomo, na kila kijimwiba kitakikwaruza kisahani mpaka ama hicho kijimwiba kiishe au kisahani kichubuke. Matundu kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 1 hadi 2, na hupangwa kwa mistari iliyoachana takriban sentimita 2.5. Mistari ikiachana zaidi ya hapo, feni italazimika kufanya kazi kubwa kwa matokeo madogo. Picha zilizochapishwa kwenye uso hazina madhara, ila ile iliyojaa rangi nyingi humficha kisahani machoni, hivyo rangi moja isiyokolea yenye mistari michache ni bora kwa mchezo.

Kingo na miguu

Ukingo ndio unaokirudisha kisahani, na mchezaji mzuri huutumia kama mpiga biliadi anavyotumia pande za meza yake. Kingo za alumini hurudisha kwa nguvu ile ile kila mahali na hazichakai upesi. Kingo za mbao zilizovikwa plastiki huanza vizuri, halafu sehemu zinazopigwa sana, hasa zilizo usawa wa mstari wa kati, hulainika. Kagua viungo kwa ukucha: upitishe kutoka kipande kimoja cha ukingo hadi kingine, na kutoka ukingo hadi kona, ukucha ukinasa, kisahani nacho kitanasa, kibadili mwelekeo na kuruka juu. Kona ziwe na mviringo. Ukingo uwe na kimo cha kutosha kuzuia kisahani kisiruke kwa pigo la kawaida, ingawa hakuna ukingo utakaozuia kila pigo, ndiyo maana luninga na vioo visiwekwe nyuma ya magoli.

Miguu iwe mizito, iwe imeunganishwa kwa mbao za mkingamo, na kila mmoja uwe na kitako cha skrubu cha kurekebisha kimo. Meza isiyo na vitako hivyo haiwezi kuwekwa sawa kwenye sakafu halisi, maana hakuna sakafu iliyo sawa kabisa. Weka mikono miwili kwenye ukingo na uisukume kwa ubavu kama mchezaji anavyoiegemea katika hamaki ya mchezo. Ikiyumba, itahama kidogo kwa kila goli. Miguu ya kukunjwa inakubalika kwenye meza ndogo inayohifadhiwa chini ya kitanda. Uso wa kukunjwa katikati haukubaliki kwenye meza yoyote, kwa sababu mshono utakuwa njiani kwa kila pigo.

Kuhusu kuhesabu magoli, ubao wa elektroniki hupendeza watoto na hukata mabishano, ila vihisi vyake ndivyo huharibika mapema. Kama meza ina kibao cha kusogeza kwa mkono pamoja na cha elektroniki, ni vyema zaidi.

Meza zinazogeuzwa kuwa za biliadi, tenisi na michezo mingine kadhaa huvutia familia yenye chumba kimoja cha burudani. Nimeona nyingi, na nashauri tahadhari. Katika aina inayopinduliwa kwenye mhimili, ubao hufanywa mwembamba ili upinduke kwa urahisi, nafasi ya sanduku la hewa hupungua, na bawaba hulegea, hivyo unapata michezo miwili iliyopunguzwa ubora. Aina inayofaa ni ile ambayo ubao wa tenisi hulazwa juu ya meza kamili ya hoki na kuondolewa, kwa sababu huko hakuna kilichobadilishwa chini.

Visahani na vipigio

Kisahani na feni ni lazima viendane. Kwenye meza yenye hewa kali kisahani chepesi huinuka upande mmoja na kuruka nje. Kwenye meza yenye hewa hafifu kisahani kizito hakielei kabisa. Visahani vya mashindano hutengenezwa kwa polikaboneti na huwa na kipenyo cha sentimita 8.3 hivi, vya meza ndogo huwa na sentimita 6 hadi 7.5. Usinunue kikubwa kwa kudhani ni bora, nunua kile ambacho meza ilitengenezewa, na ununue vya akiba siku hiyo hiyo, kwa kuwa hupotea chini ya makabati. Kisahani kilichomeguka ukingo kitupwe. Hata mmeguko mdogo unaosikika kwa ukucha tu hukwaruza uso, na uso ndio sehemu ya meza isiyobadilishwa.

Vipigio viwe na kipenyo cha sentimita 10 hivi kwa meza za futi 6 na zaidi, na chini viwe vimebandikwa felti. Felti ikichakaa plastiki tupu hugusa meza. Ni jambo la kuangaliwa kila baada ya muda, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kama meza imetumika

Meza iliyotumika ni njia nzuri ya kupata ukubwa na ubora usioweza kuufikia ikiwa mpya, hasa zile zilizotolewa kwenye kumbi za michezo. Mwombe mwenye meza aiwashe ukiwa unafika, na iendelee kuwaka muda wote wa mazungumzo, kwa nusu saa au zaidi. Mota iliyochoka hujitambulisha ikishapata moto: mlio wake hupanda na kushuka, harufu ya waya unaoungua hutokea, au hewa hupungua taratibu. Rudia jaribio la karatasi mwishoni mwa nusu saa hiyo. Tafuta alama za duara za bilauri, na uguse matundu yaliyo karibu nazo ili kujua kama midomo imevimba. Piga picha kibandiko cha mota chenye volti, wati na kipenyo cha feni, kwa maana mota hubadilishwa kwa urahisi ukiwa na taarifa hizo. Mota iliyokufa ni sababu ya kupunguziwa bei. Ubao uliovimba ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Meza ikishafika

Meza nyingi hufungwa zikiwa zimepinduliwa kifudifudi, na hatari kubwa huja wakati wa kuzigeuza. Usiinue upande mmoja ukaiacha meza iegemee miguu miwili, kwani bolti zitachana ubao. Watu wanne kwa meza kubwa waiinue yote hewani, waigeuze, kisha waishushe miguu yote minne kwa pamoja. Weka pimamaji kwenye uso kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ukizungusha vitako vya miguu mpaka povu litulie katikati kila upande, halafu uwashe feni na ukiache kisahani katikati bila kukigusa. Kitasogea kidogo, na hilo ni la kawaida. Kikielekea upande ule ule kila mara unapokirudisha, endelea kurekebisha. Rudia kazi hiyo baada ya wiki ya kwanza ya kuchezewa, maana bolti hulegea na miguu hujiweka sawa.

Futa uso kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, feni ikiwa imewashwa, ili uchafu usukumwe juu badala ya kuingia kwenye matundu. Mashine ya kufyonza vumbi ipitishwe juu ya matundu na kwenye wavu wa kuingizia hewa ulio chini ya feni, ambako nyuzi za zulia hujikusanya. Tundu lililoziba lizibuliwe kwa waya mwembamba kuliko tundu lenyewe, bila kulipanua. Mafuta na dawa za kung'arisha fanicha zisitumike isipokuwa mtengenezaji ameziruhusu kwa maandishi, kwa sababu hunata vumbi na kuziba matundu. Wakati meza haitumiki ifunikwe, na pasiwekwe kikombe juu yake.

Majaribio yote haya, yaani ya karatasi, ya rula na tochi, ya ukucha na ya kusukuma miguu, yafanywe tena nyumbani ndani ya muda ambao muuzaji anakubali kurudishiwa bidhaa, na boksi pamoja na risiti vihifadhiwe hadi muda huo upite. Dhamana isomwe ili kujua kama inagusa mota na uso wa meza au inagusa mota peke yake.